Mwenye Amana

Kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, hakuna anayeshangaa Mkristo kubeba jina la Kiarabu. Mji wenyewe unalo. Shemasi mmoja wa kanisa letu alipewa jina la mwezi wa mfungo, na sijawahi kumwona akikosa chai ya saa nne. Fundi baiskeli wa karibu na soko anaitwa kwa siku ya Alhamisi, kwa matamshi ya watu wa msikiti, na Jumapili ndiye anayepiga ngoma ya kwaya. Majina haya yaliletwa na misafara ya zamani, watu wa Ujiji na Kasongo waliokuja kutafuta pembe za ndovu wakaondoka na pembe na watu pia. Waliochukuliwa hawakurudi. Majina ndiyo yaliyobaki, na wazee wetu wakawapa watoto wao bila kuuliza yana maana gani, kama mtu anavyonunua koti la mtumba sokoni bila kujua nani alilivaa kabla yake.

Langu mimi halikuokotwa hivyo. Langu liliwekwa mapajani mwa mama pamoja nami.

Habari hiyo niliijua tangu utotoni, maana mama hakunificha. Aliwasimulia hata wageni, akicheka. Ilikuwa siku ya kukimbia, moja kati ya nyingi ambazo watu wa eneo la Fizi tumekimbia. Mama alikuwa ameshapanda boti ya kuvuka kwenda Ubwari, ile nchi ya vilima tunayoiona ng'ambo ya ghuba, na boti imejaa hadi watu wanakaliana. Mwanamke mmoja asiyemjua akaingia ziwani mpaka kiunoni, kitambaa kimemfunika kichwa na mabega, akaninyanyua juu ya ukingo na kuniweka kwa mama. Alisema neno moja tu: "Amana." Kisha akageuka kurudi ufukweni, pengine kuna mwingine alitaka kumleta. Boti haikumngoja. Mama alimwona kwa mbali amesimama ndani ya maji, hapigi kelele, hapungi mkono, anatazama tu.

Mama akadhani ametajiwa jina la mtoto. Ni nani asingedhani hivyo? Kwetu mtu akikuwekea kitu chake tunasema amekuachia ulinde, au tunakopa Kifaransa, tunasema depo. Labda neno lile lilishasomwa kanisani likampita mama, kama maneno mengi ya kanisani yanavyotupita. Basi huko Ubwari alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, "Nani anajua mama ya Amana?" Hakuna aliyejua. Vurugu zilipotulia tukarudi Baraka, nikakua kwa jina hilo, na nililipenda. Lilikuwa fupi, na hakuna mtoto mwingine aliyekuwa nalo katika mtaa wetu.

Sasa lazima niseme mama alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hilo yaliyofuata yataonekana kama wazimu. Mama alikuwa mjane, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, na mtaa mzima ulimjua kwa jambo moja: hakugusa kitu cha mtu. Watu wakikimbia, kitu wasichoweza kubeba walimletea yeye. Masufuria, baiskeli, milango ya nyumba iliyong'olewa bawaba. Jirani mmoja alimwachia mbuzi jike akaja kumchukua baada ya muda mrefu, akakabidhiwa mbuzi na watoto wake wote, na jirani akaona haya. "Mla mbuzi hulipa ng'ombe," mama akamwambia, akarudi kuanika samaki wake. Ndani kwetu kulikuwa na cherehani ya mwanamke aliyekimbilia nchi ya ng'ambo ya ziwa. Mama aliifuta vumbi kila Jumamosi, akaitia mafuta, akaifunika shuka. Sketi yake mwenyewe ilipochanika aliishona kwa mkono, amekaa pembeni ya ile cherehani.

Alikuwa na sheria zake za kulinda. Kitu cha mtu hakitumiwi. Hakiazimwi. Kinakaa mahali ambapo mwenyewe akija atakiona. Na mwenyewe akija, unakitoa siku hiyohiyo, hata kama moyo umekizoea.

Nilikuwa mwaka wa nne wa shule ya msingi siku mwalimu wa chuo cha Kurani alipokuja kununua ndagala. Alikuwa mtu mpole, mzaliwa wa ng'ambo ya ziwa, anasema Kiswahili kilichonyooka mpaka sisi watoto tulimwiga nyuma ya mgongo wake. Mama aliniita nilete mizani. Mwalimu akasikia jina, akatabasamu.

"Amana!" alisema. "Amana ya nani?"

"Ya nani namna gani?" mama akauliza. "Ni jina yake."

Mwalimu aliweka mfuko wake chini. Alipenda kufundisha, masikini, na hakujua alichokuwa anafanya. Akaeleza kwamba ni neno la Kiarabu, na lina ndugu wengi ndani ya Kiswahili chetu: amini, imani, amani, amina tunayomalizia sala. Wote ni wa mama mmoja, na maana yao ni moyo kutulia kwa sababu unamtegemea mtu. Lakini amana, alisema, ni kitu unachowekewa mkononi. Si zawadi. Ni cha mwenyewe, nawe umeaminiwa tu kukitunza mpaka atakaporudi kukidai, na Mungu atakuuliza juu yake. Wazazi wengine humwita mtoto hivyo ili wakumbuke kwamba mtoto ni wa Mungu, wao ni walinzi tu. "Ni jina zuri sana," alisema. "Nani alimpa?"

Mama alimpimia ndagala, akaongeza kiganja kizima juu, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote. Mwalimu akaenda zake amefurahi. Mama akabaki amesimama na mizani mkononi, akinitazama kama vile nimeingia sasa hivi bila kubisha hodi.

Siku iliyofuata nilipochukua kidumu kwenda bombani, akaninyang'anya. "Acha," akasema. "Mi nitaenda." Nikafurahi, mjinga mimi. Kesho yake hakunituma kuni. Jumamosi hatukwenda pamoja shambani kung'oa mihogo; alikwenda peke yake, mimi niliachwa nimeoga, nimepakwa mafuta, nimevaa gauni la kanisani, nimekaa kwenye mkeka mbele ya mlango, uso kuelekea ziwani. Rafiki zangu walipita na ndoo vichwani wakanionea wivu. Mimi mwenyewe nilijiona binti mfalme kwa siku chache.

Kisha nikaanza kuogopa. Mtoto wa kwetu hutumwa. Kutumwa ndiko kunakoonyesha wewe ni wa nyumba gani: nenda kwa fulani, leta chumvi, mwite dada yako, chochea moto. Tunanung'unika, tunapigwa, tunakwenda, na ndivyo tunavyojua kwetu ni wapi. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimenyang'anywa jembe. Mama hakunipiga tena hata nilipovunja sahani kwa makusudi ili anipige. Aliokota vipande polepole akauliza kama nimejikata. Aliniangalia mikono pande zote mbili, mahali kwa mahali, kama mtu anayehakikisha kitu hakijaingia kasoro. Usiku uleule akatia mafuta cherehani, halafu akaja akanipaka mafuta mimi, kwa mikono ileile na kwa utaratibu uleule.

Siku moja nikaiba kidumu. Nilikwenda bombani kwa njia ya nyuma, nikapanga foleni, nikarudi na maji kichwani nikijiona nimeshinda. Mama alikuwa uani. Hakugomba. Alikishusha kidumu taratibu, akakibeba mpaka penye migomba, akamwaga maji yote chini. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, bila kunitazama, "Kitu ya muntu haitumiwake."

Nililia siku ile kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Sikulia kwa sababu ya yule mwanamke wa majini, yeye sikumjua. Nililia kwa sababu mama alikuwa ameshaniaga, na bado tulikuwa tunalala kitanda kimoja.

Hali ile ilidumu msimu mzima wa mvua. Nilikonda. Mama naye alikonda. Kila boti ilipoingia kutoka ng'ambo alikwenda kusimama ufukweni mpaka abiria wa mwisho ashuke, akirudi ananikuta mkekani, na sote wawili tunapumua. Nadhani aliona jinsi nilivyopumua. Sijui ni siku gani hasa aliyoamua, ila najua ilikuwa asubuhi, maana moshi wa jikoni ulikuwa bado mzito. Alitoka akiwa na kidumu, akakiweka mbele ya miguu yangu.

"Amani," akasema. "Enda kuchota maji."

Nikamwambia amekosea jina. Akasema hajakosea, tangu leo jina langu ni Amani, na yeyote atakayeniita vingine nisimwitikie. Akapita mtaani akiwaambia majirani. Akaenda shuleni akamwambia mwalimu wangu wa darasa, naye hakuona ajabu. Alisema yeye siku zote alidhani ni Amani. Herufi moja tu mwishoni. Mama yangu, mwanamke ambaye hakuwahi kunywa hata maziwa ya mbuzi wa jirani, aliniiba kwa herufi moja.

Nilikwenda kuchota maji nikikimbia. Na jioni ile alinipiga kwa kuchelewa kurudi, nikalala nimeshiba raha.

Lakini mwizi hana usingizi. Mama hakukaribia tena ufukwe siku za boti. Mtu akibisha hodi kwa sauti asiyoijua, alinionyesha mlango wa uani kwa macho. Jumapili ya Meza ya Bwana, mkate na kikombe vilipopitishwa, alishika mikono yake magotini akaviacha vimpite, na akaendelea kufanya hivyo mwaka hadi mwaka. Wanawake wenzake walianza kunong'ona ana dhambi ya mwanaume. Ningeweza kuwaambia. Sikuwaambia, maana dhambi yenyewe ilikuwa mimi.

Na kulikuwa na ile sauti. Naiandika kama ilivyokuwa, anayetaka kucheka acheke. Mchana, saa ile jua linapokaa juu ya mabati na ziwa linakuwa jeupe bila wimbi, wakati watu wote wameingia ndani, mtu aliniita kutoka upande wa maji. Hakuita Amani. Aliita Amana. Mara moja, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba utakuja. Mara ya kwanza nilidhani ni mtoto wa jirani aliyesahau. Nilitoka, sikuona mtu. Nyavu zilikuwa zimeanikwa, mbwa amelala chini yake. Mtaa mzima ulikuwa umeshazoea jina jipya. Hakukuwa na aliyebaki wa kuniita lile la zamani.

Mara nyingine tulikuwa tunatwanga sombe, yale majani ya mihogo, mama na mimi, tukipokezana michi. Sauti ikaja. Mchi wa mama ukabaki juu. Nikamtazama, naye akatazama ndani ya kinu. Kisha akashusha mchi kwa nguvu hata majani yakaruka, akaanza kuimba pambio la kanisa kwa sauti kubwa, na mimi nikaimba naye. Mpaka leo nikitwanga sombe huwa naimba. Wanafunzi wangu hudhani nina furaha.

Ndiyo, nikawa mwalimu. Nilisoma Uvira, nikapata shule Fizi, juu mlimani, na nikashuka Baraka kwa pikipiki kila nilipopata nafasi. Nilitumia jina la Amani katika kila kitu. Watu huniambia ni jina zuri kwa nchi hii, na mimi huitikia ndiyo. Sauti ile sikuisikia tena nilipohama, au niseme kule Fizi hakuna ziwa la kuipitisha. Hakuna mtu aliyekuja kunidai. Nilianza kuamini kwamba yule mwanamke alikufa siku ileile majini, na Mungu anisamehe, wazo hilo lilinipa nafuu.

Kisha akili ya mama ikaanza kuondoka. Kwanza alisahau bei ya ndagala, baadaye akasahau kwamba haziuzi tena. Mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, akahamia kwake kumtunza. Aliniambia kwamba mama ananiulizia mchana kutwa, niko wapi, mbona sijarudi kutoka shule. Nikamwambia amweleze kwamba mimi ndiye ninayefundisha sasa. "Namuelezaka," mama mdogo akasema. "Anasema mutoto mudogo hawezi kufundisha."

Mwezi uliopita nilishuka. Barabara ilikuwa vumbi tupu, kwa hiyo nilijifunga kitenge kichwani nikakizungusha shingoni na mabegani, kama wanavyofanya wanawake wote wanaopanda pikipiki. Nilifika mchana. Mama mdogo alikuwa jikoni uani. Nilivua viatu mlangoni, nikabisha hodi, nikaingia.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba. Alinitazama, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sijawahi kuiona, si kwa furaha. Alinitambua. Ila hakunitambua mimi.

"Umekuya," akasema.

"Nimekuja, mama."

"Ulikawia sana. Mi nilikungojea mupaka nikachoka." Macho yake yalipita kwenye kitambaa, yakashuka mdomoni kwangu, kwenye mwanya wa meno yangu. "Meno ni ile ile."

Nikaelewa. Nilikuwa na umri ambao pengine yule mwanamke alikuwa nao siku ile. Sijawahi kuona picha yake, wala hakuna. Uso wake ulikuwapo mahali pamoja tu duniani, ndani ya kichwa cha mama, na mama alikuwa anauona mbele yake. Niligeuka kutazama nyuma yangu. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Nilitaka kuvua kitambaa nimwambie, mama, ni mimi. Kabla sijainua mkono akasema, "Mutoto alikufa."

Nilikaa chini sakafuni.

"Alikufa na surua," akaendelea, haraka, kama mtu aliyeikariri kwa miaka. "Alikuwa mudogo. Tulimuzika kule Ubwari. Hakuna kitu yako hapa. Rudia kwenu."

Mtu huyu hakuwahi kusema uongo. Hata askari walipokuja zamani kuuliza kama kuna mbuzi ndani, alisema wapo na ni wa jirani. Alinikazia macho ili nisione kwamba anadanganya. Karibu nimwamini. Kwa kitambo kidogo nilimwona huyo mtoto aliyekufa, na kaburi lake Ubwari, na nikamwonea huruma.

"Alikuwa mutoto wa namna gani?" nikauliza. Sauti ilitoka, sikuijua kama ni yangu.

Nilidhani mama amepotea tena. Kisha akasema, "Kichwa nguvu. Unamutuma maji, anaenda kucheza." Machozi yakaanza kumtoka, hakuyafuta. "Lakini anaimba muzuri."

Nikasogea nikamshika magoti. "Mama, unisikie. Sikukuya kumuchukua. Nilikuya kukuambia ni wako."

"Nani?"

"Ule mutoto. Si amana tena. Nimekupa. Ni wako."

"Kweli ya Mungu?"

"Kweli ya Mungu."

Sijui nilikuwa nani kwa wakati ule, na sitaki kulidadisi sana jambo hilo. Nasema tu kwamba sikuona nimedanganya. Nilihisi kwamba maneno yale yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliniachia niyaseme.

Mama akasimama ghafla, akaniinua kwa mkono, akanisukuma kuelekea mlangoni. Ana nguvu bado.

"Basi enda," akaninong'oneza. "Enda mbele ya mutoto kurudi. Akikuona atalia, atakufuata."

Nilitoka na viatu mkononi. Nikajibanza nyuma ya jiko, ambako mama mdogo alikuwa amesimama na kiganja mdomoni. Alikuwa amesikia yote. Nilivua kitambaa. Nililia nikiwa nimeuma mkono wangu ili nisisikike, kwa sababu aliniambia niende, na mwenye amana alipaswa kuwa amekwisha fika mbali. Nilipoweza kupumua nikaingia kwa mlango wa uani, kichwa wazi.

Mama alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Alinitazama juu mpaka chini, akaona vumbi miguuni mwangu, akakunja uso.

"Amana," akasema, kwa jina lile la zamani, "ulikuwa wapi saa hizi zote? Enda kunawa, kuya tukule."